Kabla hujalipia kitabu mtandaoni, jua utakabidhiwa faili gani

Nafundisha baiolojia hapa Morogoro, na vitabu vingi vya kiada nanunua mtandaoni kwa sababu madukani havifiki. Mwaka juzi simu yangu iliingia maji. Nikanunua nyingine, nikafungua programu ya duka nililolizoea, ikanijibu kwamba vifaa vyangu vimezidi idadi. Vitabu 11, vyote nimevilipia, na kesho yake nina kipindi na kidato cha sita. Tangu siku ile sitoi hela kabla sijajua napewa nini.

Usikimbilie kitufe cha kulipia. Shuka kwenye maandishi madogo, pale penye lugha na idadi ya kurasa. Ukikuta EPUB au PDF, ambazo ni aina za mafaili ya vitabu, na imeandikwa haina DRM, yaani haijatiwa kufuli, lipa. Ukikuta kinasomeka kwenye programu yao tu, ujue unakodi. California wana sheria iliyoanza kutumika Januari 2025: muuzaji haruhusiwi kusema "nunua" bila kumweleza mteja waziwazi kwamba anapewa leseni, yaani ruhusa ya kutumia tu, si umiliki. Huku kwetu soma masharti mwenyewe. Yakiwa kimya, waandikie uulize. Asiyejibu swali dogo hivyo, mimi hela yangu haipati.

Jina EPUB peke yake halitoshi, na hapa ndipo wengi wanapoumia. Yapo maduka yanayouza EPUB iliyofungwa. Ukishalipa, unapakua faili la kilobaiti chache lenye mwisho wa .acsm. Hicho bado si kitabu, ni kama risiti ya kwendea kukichukua, tena lazima upitie programu ya Adobe au nyingine inayolijua kufuli hilo. Kitabu kizima chenye michoro ya seli hakiwezi kuwa kilobaiti 2.

Kwa hiyo kipime siku hiyohiyo, ukiwa bado unaweza kudai pesa. Weka nakala kwenye kompyuta, badilisha mwisho wa jina kutoka .epub uwe .zip, kisha ulifungue. EPUB ni kifurushi cha zip tu. Ndani utaona folda iitwayo META-INF, picha, na sura za kitabu kama kurasa za kawaida za wavuti. Fungua sura moja kwa kivinjari. Ukisoma maneno, kitabu ni chako. Kivinjari kikigoma, au zikaja herufi za ovyo zisizosomeka, sura imefungwa. Rudisha.

Muziki una nafuu. Nunua faili la sauti la aina ya FLAC, maana haipunguzi chochote kwenye sauti, na kutoka humo utatengeneza MP3 za simu. Bandcamp, duka la muziki mtandaoni, wanakuachia uchague aina ya faili. Programu ya VLC inapiga zote mbili.

Na usiache kitu kwenye akaunti ya duka, hata duka liwe kubwa namna gani. Microsoft walifunga duka lao la vitabu mwaka 2019. Wateja walirudishiwa pesa, vitabu vikatoweka, na aliyekuwa ameandika maelezo pembezoni akaongezewa dola 25. Maandalio yangu ya miaka yamo pembezoni mwa vitabu. Siwezi kuyaandika upya kwa dola 25. Kila kitabu kikishapita kipimo nakitia kwenye flashi mbili: moja iko nyumbani, nyingine kwenye kabati la maabara, nyuma ya hadubini.