Namna ya Kutafakari Wasilisho la Kikundi Baada ya Kutoka Mbele ya Darasa

Wahadhiri wengi hawaridhiki na wasilisho peke yake. Huagiza pia kila mwanakikundi aandike kurasa mbili au tatu za tafakuri binafsi, na hapo ndipo hata wanafunzi waliozungumza vizuri hupoteza alama. Sababu ni kwamba huandika ama shukrani, kwamba wamejifunza umuhimu wa ushirikiano, ama mashtaka, kwamba wenzao hawakujituma. Tafakuri si shukrani wala mashtaka. Ni kazi ya kuchukua jambo moja lililotokea mbele ya darasa na kulifuatilia kinyumenyume mpaka kwenye uamuzi uliolizaa, uamuzi ambao aghalabu ulifanyika siku nyingi kabla ya projekta kuwashwa.

Nitatumia mfano wa kikundi changu cha mwaka wa pili. Tulikuwa sita, mada yetu ilikuwa kuanguka kwa mkonge Tanzania, na tulipewa dakika 20 za kuzungumza na 10 za maswali. Tulieleza jinsi mmea huo ulivyoletwa na Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, mwaka 1893, jinsi uzalishaji ulivyopita tani 200,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1960, na jinsi kamba za nyuzi za sintetiki zilivyoporomosha soko lake. Kisha mwanafunzi mmoja wa safu ya nyuma akanyoosha mkono na kuuliza: ikiwa nyuzi za sintetiki ndizo zilizoumaliza mkonge, mbona Brazili waliendelea kuulima hadi wakatupita? Wote watano tuligeuka tukamtazama mwenzetu mmoja.

Andika siku hiyo hiyo, kabla hujakaa na wenzako kuzungumzia yaliyotokea. Mkishakutana na kusimuliana, kumbukumbu zenu zitachanganyika, na ile ya mwenye sauti kubwa ndiyo itakayobaki. Katika hatua hii usitoe hukumu yoyote. Andika tu nani alisimama, alisema nini, slaidi ipi ilikuwa ukutani, nani aliuliza na nani alijibu. Badala ya kuandika kwamba "muda haukutosha", andika kwamba mzungumzaji wa tatu alianza dakika ya saba akamaliza dakika ya kumi na sita, kwa hiyo hitimisho likasomwa kwa mbio kama tangazo la stendi. Sentensi ya kwanza haimwambii msomaji kitu, ilhali ya pili inaonyesha pa kuanza kuchimba. Ikiwa kuna aliyewarekodi kwa simu, itazame rekodi hiyo baada ya kuandika, kisha linganisha. Pale ambapo maandishi yako na rekodi vinatofautiana huwa pana jambo la kuandika.

Vyuo vingi hufuata mzunguko wa tafakuri alioupendekeza Graham Gibbs mwaka 1988, ambao una hatua sita: maelezo ya tukio, hisia, tathmini, uchambuzi, hitimisho na mpango wa utekelezaji. Ni ngazi nzuri, lakini wengi hukwama kwenye vidato viwili vya mwanzo, wakajaza ukurasa mzima kwa kueleza walivyotetemeka. Hisia zina nafasi yake, ila zipe aya moja fupi, na uzichunguze kabla ya kuziamini. Watafiti Kenneth Savitsky na Thomas Gilovich walionyesha mwaka 2003 kwamba wazungumzaji hudhani woga wao unaonekana kwa wasikilizaji kuliko unavyoonekana kweli. Kwa hiyo ukiandika kwamba darasa zima liliona ulivyobabaika, jiulize umejuaje, au umuulize mtu mmoja aliyekuwa ameketi pale.

Uchambuzi ndio unaostahili nusu ya karatasi yako. Chagua tukio moja, mawili yakizidi, kisha uliza kwa nini, na jibu ulilopata uliulizie tena kwa nini, mpaka ufike kwenye jambo ambalo kikundi kiliamua au kiliacha kuamua. Sisi tulimtazama mwenzetu kwa sababu yeye peke yake alikuwa amesoma kazi yote. Kwa nini yeye peke yake? Kwa sababu ndiye aliyepewa kuunganisha slaidi usiku wa mwisho, sisi wengine tukiwa tumetuma vipande vyetu kwenye kundi la WhatsApp na kulala. Kwa nini tulifanya kazi kwa vipande? Kwa sababu katika kikao cha kwanza, pale kwenye vimbweta, yale madawati ya nje ya chuo, tuliigawa mada katika sehemu sita kwa muda usiozidi robo saa, tukaona tumetenda haki kwa kuwa kila mtu alipata mzigo ulio sawa na wa mwenzake. Hakuna aliyepewa kazi ya kuuliza sehemu ya tatu inahusianaje na ya tano.

Nilipofika hapo nikarudi kwenye slaidi zetu, na ndipo nilipoona kilichonikera zaidi. Slaidi moja ilizungumzia ushindani wa nyuzi za sintetiki, ambao uliwakumba wazalishaji wote duniani; nyingine, ya mwenzetu mwingine, ilizungumzia kutaifishwa kwa mashamba mengi mwaka 1967 na matatizo ya uendeshaji yaliyofuata, mambo yaliyotuhusu sisi na si Brazili. Ukiziweka slaidi hizo mbili pamoja unapata jibu zuri la kuanzia. Jibu tulikuwa nalo, ila lilikuwa limegawanywa katika mifuko miwili, na kila mwenye mfuko hakujua cha mwenzake kilikuwa na nini. Huo ndio uchambuzi. Kuandika kwamba "tulishindwa kujibu swali kwa sababu ya maandalizi hafifu" kungekuwa kweli pia, lakini kusingenisaidia chochote katika wasilisho lililofuata.

Kuhusu mchango wako mwenyewe, uwe na tahadhari kubwa. Mwaka 1979 Michael Ross na Fiore Sicoly walichapisha utafiti uliowahusisha, miongoni mwa wengine, wanandoa waliotakiwa kukadiria kila mmoja anabeba kiasi gani cha majukumu ya nyumbani. Makadirio ya mume na mke yakijumlishwa, mara nyingi yalizidi kazi yote iliyokuwepo. Si lazima iwe uongo, kwani mtu hukumbuka kwa urahisi zaidi kazi aliyoifanya kwa mikono yake kuliko ile aliyoifanya mwingine bila yeye kuona. Unaweza kulijaribu hili katika kikundi chako: kila mmoja aandike kwa siri asilimia ya kazi aliyoifanya, karatasi zikusanywe, zijumlishwe. Sisi tulipofanya hivyo tulipata 155. Baada ya hapo yule aliyekuwa akilalamika kwamba amewabeba wenzake, naye ndiye mimi, alinyamaza kidogo.

Lakini je, kama kweli kuna mwenzako ambaye hakuhudhuria kikao hata kimoja na jina lake likakaa kwenye slaidi ya kwanza? Litaje jambo hilo kwa sentensi moja bila jina lake, kisha utumie sentensi tatu kueleza wewe ulifanya nini ulipoligundua: ulimpigia simu, ulimwandikia, ulimweleza mhadhiri mapema, au ulinung'unika pembeni mpaka siku ya wasilisho. Karatasi hii inasahihishwa kwa jina lako, na malalamiko dhidi ya mwanafunzi mwingine yana mlango wake, ambao ni ofisi ya mhadhiri.

Mpango wa utekelezaji uandike kwa namna ambayo mtu mwingine anaweza kuja kuukagua na kusema ulitekelezwa au haukutekelezwa. "Nitajituma zaidi" haukaguliki. Mpango wangu ulikuwa na mambo mawili tu: kwanza, siku mbili kabla ya wasilisho kila mmoja aeleze mbele ya wenzake sehemu ambayo si yake, pili, saa ishikwe na mtu ambaye hazungumzi wakati huo, aketi safu ya mbele, na anyanyue mkono dakika moja kabla ya muda wa msemaji kwisha.

Karatasi ile niliihifadhi, na muhula uliofuata niliitoa katika kikao cha kwanza cha kikundi kipya, kabla hatujagawana chochote. Siku mbili kabla ya kuwasilisha tulibadilishana sehemu kwenye kimbweta kile kile. Mwenzetu wa kwanza kueleza sehemu yangu alikwama kwenye slaidi ya pili, akauliza takwimu ile ni ya mwaka gani, na mimi niliyeiandika sikuwa na jibu.