Jinsi ya kuwasilisha makala ya utafiti kwenye jarida la kisayansi ukiwa mwanafunzi

Mwanafunzi akishapata matokeo hutamani kukaa chini na kuandika mara moja. Hamu hiyo ni njema, ila zipo makala nzuri zinazokwama kwa mhariri kwa sababu ya jambo lililotakiwa kufanywa miezi mingi nyuma, na maji yakimwagika hayazoleki. Kwa hiyo tuanze na yale yasiyofanyika baadaye, kisha tufike kwenye kuandika na kutuma.

Kabla ya kukusanya data

Kama utafiti unahusu watu, sampuli za miili yao, taarifa zao za afya, au wanyama, omba kibali cha maadili kwanza. Azimio la Helsinki, lililopitishwa na Chama cha Madaktari Duniani mwaka 1964 na kurekebishwa mara kadhaa hadi 2024, linataka kamati huru iupitie mpango wa utafiti wa kitabibu unaohusisha watu kabla haujaanza. Maombi kwa kawaida huambatanishwa na andiko la utafiti, dodoso au maswali ya mahojiano, maelezo kwa mshiriki, fomu ya ridhaa katika lugha anayoielewa vizuri, na maelezo ya namna utakavyotunza data na siri za watu. Andika fomu ya ridhaa kwa sentensi fupi, kisha mpe mtu asiye wa fani yako aisome. Akikwama yeye, mshiriki naye atakwama, na ridhaa ya mtu asiyeelewa si ridhaa.

Usitarajie kamati ikupe kibali cha data iliyokwisha kukusanywa. Tunza barua ya kibali, maana jarida litataka jina la kamati na namba ya kibali ndani ya makala. Ukifanya jaribio la tiba, lisajili kwenye rejista ya wazi kabla ya kumpokea mshiriki wa kwanza. Majarida yanayofuata Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Kitabibu, ICMJE, yamekuwa yakidai hivyo tangu 2005.

Nani ataitwa mwandishi

Zungumzeni hili mapema na mliandike, hata kwa barua pepe. ICMJE ina vigezo vinne, na mtu anapaswa kuvitimiza vyote: awe amechangia kwa uzito katika wazo, muundo, data au uchambuzi, awe ameandika rasimu au kuihakiki kwa kina, awe ameidhinisha toleo la mwisho, na akubali kuwajibika kwa kazi nzima. Aliyetoa fedha tu, au aliyeongoza idara tu, anatajwa kwenye shukrani. Msimamizi aliyeshiriki kweli ni mwandishi kwa haki yake, na mwanafunzi aliyebeba kazi kubwa asione haya kuuliza kama jina lake litatangulia. Ni swali la kawaida la kitaaluma. Uliza kwa heshima: “Profesa, naomba tukubaliane mpangilio wa majina kabla sijaanza rasimu.”

Programu za akili mnemba haziwezi kuwa waandishi, kwa kuwa haziwezi kuwajibika. Ukizitumia, sema ulizitumia wapi na kwa kazi gani, kwa kufuata kanuni za jarida husika.

Chagua jarida kabla ya kuandika

Urefu, mtindo wa marejeleo na idadi ya majedwali hutegemea jarida, kwa hiyo kuchagua mwishoni ni kujiongezea kazi. Tazama orodha yako mwenyewe ya marejeleo: majarida yanayojirudia humo ndiyo yenye wasomaji wako. Soma malengo ya jarida, kisha soma maelekezo kwa waandishi kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Jihadhari na majarida ya kitapeli. Barua inayokusifu kupita kiasi, ahadi ya kukubaliwa ndani ya siku chache, na ada isiyotajwa hadi makala ikubaliwe ni dalili mbaya. Hakiki namba ya ISSN, yaani namba ya kimataifa ya utambulisho wa jarida. Kama jarida linajitangaza kuwa huria, yaani linalosomwa bure na kila mtu, litafute kwenye DOAJ, orodha ya majarida huria iliyoanzishwa 2003. Majarida mengi yaliyomo humo hayatozi waandishi chochote. Kwa yanayotoza, angalia utaratibu wa msamaha wa ada na uuombe kabla ya kutuma au wakati wa kutuma, kwa kuwa mengi hayapokei ombi hilo makala ikishakubaliwa.

Tuma kwa jarida moja tu kwa wakati mmoja. Kutuma kwa mawili kwa pamoja ni kosa la kimaadili, hata kama unaona yanachelewa kujibu.

Kuandika

Hapa ndipo wanafunzi wengi huchoka bure, kwa kujaribu kuipunguza tasnifu hadi itoshe. Tasnifu inamwonyesha mtahini kila ulichofanya. Makala inajibu swali moja. Andika swali hilo kwa sentensi moja, uliweke juu ya rasimu, na uondoe kila kisicholijibu, hata kama kilikugharimu usingizi.

Muundo uliozoeleka ni utangulizi, mbinu, matokeo na mjadala, lakini si lazima uandike kwa mpangilio huo. Tengeneza kwanza majedwali na michoro, kwa kuwa ndiyo uti wa mgongo. Andika mbinu kwa undani utakaomwezesha mwenzako kurudia kazi bila kukupigia simu. Kisha matokeo, bila kuyafafanua, na usitoe thamani ya p (uwezekano wa kupata tofauti kama hiyo au kubwa zaidi iwapo kwa kweli hakuna tofauti) peke yake: taja ukubwa wa tofauti na kiasi cha shaka iliyoizunguka. Mjadala uanze na jibu la swali lako, ulinganishe na kazi za wengine, na utaje mapungufu waziwazi. Utangulizi ufuate, na kichwa na ikisiri, yaani muhtasari wa makala, vije mwisho. Ikisiri ijitosheleze, maana wapo watakaoisoma hiyo tu.

Kuna miongozo ya kuripoti kwa aina za utafiti: CONSORT kwa majaribio ambamo washiriki hugawiwa makundi kwa bahati nasibu, STROBE kwa tafiti za uchunguzi, PRISMA kwa mapitio ya kimfumo. Jaza orodha ya mwongozo unaokuhusu na uiambatanishe. Usinukuu chanzo ambacho hujakisoma.

Kutuma

Fungua namba ya ORCID. Ni bure, ina tarakimu 16, na inakutofautisha na watu wenye jina kama lako. Andaa barua fupi kwa mhariri inayosema umegundua nini, kwa nini wasomaji wake wanakihitaji, na kwamba makala haijatumwa kwingine. Weka tayari matamko ya mgongano wa maslahi, ufadhili, mchango wa kila mwandishi na mahali data inapopatikana. Kama wahakiki, yaani wataalamu wa fani wanaoipima makala kwa niaba ya mhariri, hawatakiwi kukujua, ondoa majina kwenye faili, pamoja na yale yaliyofichika katika taarifa za faili lenyewe. Pata idhini ya waandishi wote, ndipo utume.

Majibu yakija

Mhariri anaweza kuikataa bila kuipeleka kwa wahakiki; mara nyingi ni kwa sababu haiendani na jarida. Ikipita, tarajia kuambiwa urekebishe kidogo, urekebishe sana, au imekataliwa. “Rekebisha sana” ni habari njema: mlango bado uko wazi. Nakili kila hoja ya mhakiki, jibu chini yake, na utaje ukurasa na mstari ulipobadilisha. Usipokubaliana naye, eleza kwa ushahidi na kwa adabu. Ukihitaji muda zaidi, omba kabla tarehe haijapita. Na ikikataliwa, fanyia kazi hoja zenye uzito kabla ya kuipeleka kwingine, kwa sababu inaweza kuangukia mikononi mwa mhakiki yuleyule.

Ikikubaliwa utaletewa nakala ya uhakiki wa mwisho, na mara nyingi utapewa siku chache tu za kuirudisha. Kagua tahajia ya majina, taasisi, vipimo na nukta za desimali katika kila jedwali ukilinganisha na data yako ya asili. Kosa likionekana baada ya kuchapishwa, mwandikie mhariri wewe mwenyewe bila kusubiri mtu mwingine aligundue, naye atatoa masahihisho yanayounganishwa na makala hiyo.