Kutuma makala ya falsafa kwenye jarida la kimataifa bila kukwama kwa mhariri

Majarida makubwa ya falsafa hukubali chini ya makala 10 katika kila 100 yanayopokea. Wahakiki, yaani wasomi wanaosoma mswada na kulishauri jarida, nao wamekuwa adimu: wanafanya kazi hiyo bila malipo, na wengi wanakataa maombi. Kwa hiyo mhariri huchuja mwenyewe sehemu kubwa ya miswada na kuirudisha baada ya siku au wiki chache, bila maelezo. Kazi yako ya kwanza ni kumvuka huyo mhariri.

Chagua jarida kabla hujamaliza kuandika, kwa sababu urefu unategemea jarida. Analysis hupokea makala fupi, mwisho maneno 4,000 pamoja na tanbihi. Mengine mengi yanazungukia maneno 8,000 hadi 10,000. Sura ya tasnifu yenye maneno 14,000 haipunguziki kwa kufuta sentensi hapa na pale. Toa hoja moja, iandike upya, zilizobaki ziweke kwa makala nyingine. Soma matoleo mawili ya mwisho ya jarida unalolitaka. Kama hakuna hata makala moja unayoweza kuijibu au kuitaja, umekosea mlango. Andika majarida matatu kwa mpangilio, la kwanza hadi la tatu, ili likikataa moja usikae miezi ukijiuliza uende wapi.

Angalia pia nani analiendesha jarida sasa hivi. Mwishoni mwa 2023 kampuni ya uchapishaji ya Wiley ilimwondoa Robert Goodin, mhariri mwanzilishi wa Journal of Political Philosophy. Wenzake wengi walijiuzulu, na 2024 likazaliwa jarida jipya, Political Philosophy, chini ya Open Library of Humanities, mchapishaji asiyefanya biashara. Mei 2024 wahariri wa Philosophy & Public Affairs, nalo la Wiley, walitangaza kuondoka kwa pamoja na kuanzisha Free & Equal kwa mtindo huohuo: msomaji halipi, mwandishi halipi. Moja ya malalamiko yao ilikuwa shinikizo la kuchapisha makala mengi zaidi. Katika hali kama hiyo jina la zamani hubaki mali ya mchapishaji, ila watu waliolijengea heshima wameshahama. Fungua ukurasa wa wahariri, usitegemee sifa ulizosikia darasani miaka kumi iliyopita.

Pesa. Hapa ndipo wengi wanaibiwa. Katika falsafa huhitaji kulipa ili uchapishwe. Majarida yanayouzwa kwa maktaba hayamtozi mwandishi anayechagua njia ya kawaida, na majarida huria (yanayosomwa bure mtandaoni) yenye heshima kama Philosophers' Imprint na Ergo hayana ada ya kuchapisha. Anayekuandikia barua pepe ya kukusifu, akaahidi majibu ndani ya wiki moja, kisha akataja dola, mwache. Namba ya ISSN, ile ya kulitambulisha jarida, si ushahidi wa ubora, kila jarida linaweza kuipata. Afadhali ukague DOAJ, orodha ya majarida huria yaliyokaguliwa, na kwa majarida ya Afrika uangalie kiwango cha JPPS (kipimo cha utaratibu wa uchapishaji) kwenye AJOL, tovuti ya majarida ya Afrika.

Sasa mswada wenyewe. Kufikia mwisho wa aya ya pili msomaji awe ameshajua unadai nini, unampinga nani na kwa nini jambo hilo lina uzito. Kosa tunalolijua sana ni kuanza na mapitio ya maandiko ya kurasa sita, kama sura ya pili ya tasnifu. Mhariri wa falsafa hatafuti orodha ya waliosema. Anatafuta hoja moja na pingamizi kali kuliko yote dhidi yake, ikiwa imejibiwa kwa uaminifu. Usianze na maana ya neno kutoka kamusi. Ikisiri iwe maneno 150 hivi, na itaje hitimisho. “Makala hii inajadili suala la haki” haimwambii mhariri chochote. “Makala hii inaonyesha kwamba hoja ya fulani kuhusu haki inategemea dhana ambayo yeye mwenyewe ameikataa” inamfanya afungue faili.

Ukiandika kuhusu falsafa ya Kiafrika, usipoteze kurasa kuthibitisha kwamba ipo. Mjadala huo ni wa miongo mingi, na anayeuanza upya anaonekana hajausoma. Tumia aya mbili kumpa mhakiki wa mbali usuli anaouhitaji, kisha ingia kazini. Kama unafuata njia ya Odera Oruka, mwanafalsafa wa Kenya, na unatumia mahojiano ya wazee, kumbuka tofauti aliyoiweka: mzee anayesimulia hekima ya jamii si sawa na mzee anayeihoji hekima hiyo kwa hoja zake mwenyewe. Jarida la falsafa linamtaka huyo wa pili, na linataka wewe ubishane naye badala ya kumnukuu tu. Mahojiano hayo yanahitaji kibali cha utafiti mapema (kutoka tume za sayansi na teknolojia: COSTECH kwa Tanzania, NACOSTI kwa Kenya), maana kikiulizwa baada ya makala kukubaliwa umechelewa.

Kuficha jina ni kazi ya nusu saa ambayo watu huiruka. Kwa kawaida uhakiki ni wa siri pande zote mbili, mwandishi na mhakiki hawajuani, na kwenye majarida kama Ergo hata mhariri hajui mwandishi ni nani. Ondoa shukrani. Jina la faili lisiwe lako. Kwenye Word, fungua sehemu ya taarifa za hati, endesha ukaguzi wa hati na ufute jina la mwandishi; kisha fungua upya ile PDF na utazame sifa zake, kwa kuwa mara nyingi jina hurudi hapo. Sentensi “Kama nilivyoonyesha katika makala yangu ya 2021” igeuze iwe “Imewahi kuonyeshwa kwamba…”, na rejea yake iandikwe “imeondolewa kwa ajili ya uhakiki”. Rejea za namna hiyo zikifika tano, mhakiki atakujua hata hivyo, kwa hiyo punguza. Kama uliiwasilisha kazi kwenye kongamano na kichwa chake kiko mtandaoni, badilisha kichwa.

Kuhusu akili mnemba: programu haiwezi kuwa mwandishi, msimamo ambao COPE, kamati ya kimataifa ya maadili ya uchapishaji, iliutangaza 2023, na wachapishaji wengi wanataka useme uliitumiaje. Hatari ya karibu zaidi ni marejeo. Programu hizi hutunga vitabu visivyokuwapo, na rejea moja ya uongo inatosha kuua mswada wako. Fungua kila rejea kwa mkono, hadi ukurasa.

Tuma kwa jarida moja tu kwa wakati mmoja. Kutuma kwa mawili kunaweza kukufungia yote mawili. Halafu subiri: miezi mitatu ni kawaida, sita si ajabu. Kabla ya kutuma, takwimu za APA Journal Surveys (za chama cha wanafalsafa cha Marekani), ambazo hutolewa na waandishi wenyewe, zitakupa picha ya nani anachelewesha. Hakikisha pia mlango uko wazi, kwani baadhi ya majarida husitisha kupokea miswada kwa miezi. Baada ya miezi minne ni halali kuuliza: namba ya mswada, tarehe uliyotuma, swali moja la adabu. Usiandike shida zako za kupandishwa cheo.

Ukikataliwa pamoja na maoni, rekebisha yanayostahili ndani ya wiki moja au mbili, kisha nenda kwa jarida la pili. Ukiombwa masahihisho makubwa, hiyo ni habari njema, ingawa barua inaweza kusomeka kwa ukali. Nakili kila hoja ya mhakiki, andika jibu chini yake, taja ukurasa ulipobadilisha. Unaweza kukataa pendekezo, ila toa sababu. Mhakiki akikuelewa vibaya, usimwambie hakusoma. Tafuta sentensi iliyompoteza uibadilishe.

Makala ikikubaliwa, fomu ya hakimiliki itakuonyesha chaguo la kulipia ufikiaji huria, mara nyingi kwa maelfu ya dola. Chagua njia isiyo na malipo, isipokuwa chuo chako au nchi yako imo kwenye orodha ya msamaha wa ada ya mchapishaji huyo. Orodha hizo hubadilika, kwa hiyo itazame siku hiyohiyo. Itunze faili ya mwisho ya Word iliyokubaliwa. Majarida mengi hukuruhusu kuweka toleo hilo PhilArchive, hifadhi huria ya makala za falsafa mtandaoni, pengine baada ya muda fulani, lakini si ile PDF yenye nembo ya jarida. Na nakala ya kusahihisha uchapaji ikija, huwa unapewa siku chache tu: anza kukagua tahajia ya jina lako na la chuo, ndipo uingie kwenye tanbihi.