Kuvuka kwa kayaki kikundi kizima, Kunduchi hadi kisiwa cha Mbudya

Watu wengi huchagua Jumamosi kwanza, kisha ndiyo wanaiuliza bahari. Geuzeni. Fungueni jedwali la maji kujaa na kupwa kabla hamjachangishana hata shilingi.

Pwani ya Dar maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zinasogea mbele kwa dakika 50 hivi. Siku za bamvua, yaani siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama au kuwa mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa huzidi mita 3, na maji hukauka kabisa mnamo saa 4 au saa 5 asubuhi. Mkirudi saa hizo mtakuta mchanga na miamba mahali mlipoacha maji, na kayaki ya plastiki ya watu wawili ina kilo 30 hadi 40. Kuibeba mita mia kadhaa huku mmechoka ndiko watu wanakojikata miguu kwenye miamba.

Kwa kikundi chenye wageni wa bahari, siku nzuri ni za maji mafu, karibu na tarehe 8 au 22 ya mwezi wa kuandama. Maji hayavuti kwa nguvu, na hujaa mnamo saa 4 au saa 5 asubuhi. Mnaondoka saa 1 asubuhi maji yakiwa yanajaa, mnapumzika kisiwani, mnaanza kurudi saa 4 na nusu maji yakiwa yametulia juu. Ratiba hiyo inawaokoa na upepo pia, kwa sababu asubuhi huwa mwepesi na hukaza kuanzia adhuhuri. Miezi ya kusi kali, yaani upepo wa kusini, Juni hadi Agosti, subirini. Siku yoyote, mkisimama ufukweni mkaona mawimbi yanavunjika vichwa vyeupe huko nje, msiingie. Usiku wa kuamkia safari someni utabiri wa bahari wa Mamlaka ya Hali ya Hewa.

Umbali ni kama kilomita 3. Mtu asiyezoea huenda kilomita 3 hadi 4 kwa saa, kwa hiyo hesabuni saa nzima kwenda, na zaidi kidogo kurudi.

Kila kayaki ikaguliwe kizibo chake cha nyuma. Ni kidogo kama kifuniko cha chupa, kina mpira mweusi wa mviringo ndani. Mpira ukiwa umepasuka au una chembe za mchanga, maji hupenya polepole bila mtu kujua. Dalili yake ni hii: tezi (nyuma) inazama kuliko omo (mbele), kayaki inakuwa nzito kugeuka, na ukiyumba unasikia maji yanatembea chini yako. Futeni mpira kwa kidole, kazeni, kisha mwenzako akaze tena. Jaketi la kuokolea nalo lijaribiwe: mwenzako alivute juu mabegani. Likifika masikioni, kaza mikanda au badilisha. Kila mtu abebe maji lita 2, kofia, na viatu vinavyofunga mguu. Kandambili hutoka miguuni ukiwa majini, na matumbawe hukata kama wembe. Simu iwekwe kwenye mfuko usiopitisha maji, ufungwe kwenye kayaki. Namba ya dharura ni 112. Acheni mtu mmoja nchi kavu anayejua saa yenu ya kurudi.

Mpangilio majini hauna mjadala. Mmoja mzoefu anatangulia na hakuna anayempita. Mwingine anafunga nyuma na hakuna anayebaki nyuma yake. Wageni wanne kwa mzoefu mmoja, wasizidi. Mwendo ni wa anayekwenda polepole kuliko wote. Anayejitahidi kuwakimbiza wenzake huyo ndiye atakayevutwa kwa kamba wakati wa kurudi. Filimbi tatu maana yake ni hatari, wote mnakusanyika.

Kosa kubwa la njiani ni kuelekeza omo kisiwani na kusahau kwamba maji yanawasogeza ubavuni. Tafuteni alama mbili kisiwani, moja mbele na nyingine nyuma yake, mfano jiwe la ufukweni na mvinje mrefu ulio nyuma ya jiwe. Zikibaki zimepangana, mko njiani. Mti ukianza kutoka nyuma ya jiwe kuelekea kulia, mnasukumwa kulia. Geuzeni omo kidogo kushoto hadi zipangane tena. Shukieni upande unaotazama bara, wenye mchanga. Pangavini, kisiwa kidogo cha jirani, kimezungukwa na miamba, kipiteni mbali. Boti za injini na nyavu za wavuvi zipewe nafasi: nyinyi ni wadogo na mko chini, hamuonekani.

Kayaki ikipinduka, shikeni kayaki kwanza, kafi baadaye. Nyosha mikono juu ya tumbo lake, shika ukingo wa upande wa pili, uvute kwako hadi igeuke. Kupanda ni ubavuni, katikati: piga miguu majini, lala kifudifudi juu yake, geuka ukalie makalio, kisha ingiza miguu. Anayejivuta kwa mikono peke yake huipindua tena. Mwenzako ashike ukingo wa pili kuleta uzani. Fanyeni zoezi hili ufukweni, maji yakiwa kifuani, kila mtu mara mbili kabla ya kuondoka.

Mbudya ni eneo tengefu, yaani hifadhi ya bahari, tangu 1975. Lipeni kiingilio, msiokote kombe wala matumbawe, na taka zote zirudi nanyi. Ikifika saa 4 na robo, hesabuni vichwa na muanze kuvaa majaketi, hata kama chipsi na samaki hazijaletwa.