SOMO: Kuandaa muziki wako kwa ajili ya santuri (soma mpaka mwisho ndipo uulize)

Wakuu, swali la "nina albamu tayari, nifanyeje iingie kwenye santuri?" nimelijibu mpaka vidole vimeota sugu. Leo naliandika mara moja. Kuanzia sasa atakayeuliza nitamrushia uzi huu, asinune.

Kazi yangu ni kuandaa masta (nakala ya mwisho ya muziki kabla ya kuzalishwa), na nimeshakaa saa nyingi kando ya mashine ya kukatia nikimtazama mkataji, yaani fundi anayechonga mfereji wa santuri, akihangaika na faili za watu, zangu zikiwemo.

Kabla ya hatua zenyewe, jambo moja liwakae kichwani. Faili ni namba tu. Santuri ni mfereji uliochongwa, na kuna sindano itakayotakiwa kupita ndani yake bila kuruka. Chochote utakachofanya studio kitageuka kuwa umbo: kona, kilima, shimo.

1. Maliza miksi. Kama bado unabishana na nafsi yako kuhusu sauti ya ngoma, rudi baadaye.

2. Toa WAV za biti 24, kwa kiwango kile kile cha sampuli ulichofanyia miksi. MP3 hapana.

3. Ondoa limita (kifaa kinachobana vilele vya sauti) ya mwisho. Masta uliyoibana ishindane na nyimbo za mtandaoni haitakupa santuri yenye sauti kubwa. Ukubwa wa sauti ya santuri unaamuliwa hasa na dakika za upande na kiasi cha besi. Ukimletea mkataji mawimbi yaliyopondwa vichwa, ataishusha sauti na utabaki na muziki uliobanwa ambao pia ni mdogo. Kilele kikae kama desibeli 3 chini ya sifuri. Kompresa ya miksi ambayo ni sehemu ya ladha yako, iache.

4. Pima dakika za kila upande. Inchi 12 kwa mizunguko 33⅓ kwa dakika: dakika 18 hadi 20 unastarehe, 22 unaanza kulipia. Inchi 12 kwa mizunguko 45: kama dakika 12. Inchi 7 kwa mizunguko 45: dakika 4 na kidogo. Besi huufanya mfereji uyumbe kwa mapana, na mfereji unaoyumba unahitaji nafasi ili usigongane na jirani yake. Ukirefusha upande, mkataji hana njia ila kupunguza sauti, na sauti ikipungua ile mikwaruzo ya uso wa santuri inajitokeza.

5. Besi iwe katikati. Kinacholingana kushoto na kulia huisogeza sindano ubavuni. Kinachotofautiana huipandisha na kuishusha. Besi nzito iliyopishana fezi (kushoto inasukuma wakati kulia inavuta) inachimba mfereji mpaka karibu na bati la chini, kisha inauinua hadi unakaribia kupotea, na hapo sindano ya msikilizaji inaruka. Mkataji ana kifaa cha kuiunganisha besi kuwa mono (sawa kushoto na kulia), mara nyingi kwa masafa yaliyo chini ya Hz 150 hivi, lakini ukimwachia yeye utapokea besi ambayo hukuichagua. Fanya mwenyewe, usikilize, uridhike.

6. Herufi "s". Hapa ndipo nilipoungua, kwa hiyo vumilieni.

Nilipewa albamu ya mwimbaji anayeimba mdomo ukiwa umegusa kipaza sauti, na mashairi yake yote ni "sasa", "sisi", "shusha", "usisahau". Nilikuwa nimesikia kwamba santuri zina giza, nikajifanya mjuzi, nikaongeza trebo (masafa ya juu) kuanzia kHz 10 kwenda juu. Wimbo wenye fujo kuliko zote nikauweka mwisho wa upande B, upande wenyewe dakika 23. Sahani za majaribio (nakala chache za kukagua kabla ya kuzalisha zote) zilipofika nikasikiliza nyimbo mbili za mwanzo kila upande, nikatikisa kichwa kama mtu anayejua, nikaidhinisha nakala 300. Wiki ya kwanza wanunuzi wakaanza: "Sindano yangu imekufa?" "Mbona anatema mate?" Nikaicheza mpaka mwisho. Kila "s" ilikuwa kitambaa kinachoraruliwa. Mkataji alikuwa ameniandikia kunitahadharisha. Barua ile niliisoma baadaye. Hasara nikaibeba mwenyewe.

Sababu ni hii. Wakati wa kukata, trebo huongezwa na besi hupunguzwa kwa kufuata mkunjo wa RIAA (chama cha kampuni za rekodi Marekani) uliokubaliwa mwaka 1954. Ukilinganisha na kHz 1, masafa ya kHz 10 hupandishwa karibu desibeli 14, na yale ya Hz 20 hushushwa karibu 19. Amplifaya ya msikilizaji huyarudisha yote mahali pake. Kwa hiyo "s" yako inafika kwenye kichwa cha kukatia ikiwa imeshavimba. Inapasha moto koili za kichwa hicho, tena koili zikiungua ni balaa la gharama, halafu inachonga kona kali ambazo sindano ya kusomea haiwezi kuzifuata.

Basi: usiongeze trebo "kufidia". Di-esa (kifaa cha kupunguza makali ya "s") iwekwe kwenye sauti ya mwimbaji ndani ya miksi, kuanzia kama kHz 5 hadi 9. Ukiiweka juu ya masta nzima itakula na matoazi. Na usihukumu kwa kutazama mita, maana "s" inaweza kuwa ndogo kwenye mita na bado ikachana. Tumia masikio.

7. Panga nyimbo ukijua kuwa ubora hushuka kadiri sindano inavyoelekea katikati. Yenye makelele mwanzo, tulivu mwisho. Najua mpangilio wa albamu ni hadithi. Santuri haijali hadithi yako.

8. Tuma faili moja kwa kila upande, nafasi za ukimya kati ya nyimbo zikiwa ndani tayari, pamoja na jedwali la muda kila wimbo unapoanza.

9. Mkataji atachonga kwenye sahani ya alumini iliyopakwa laka. Sahani hiyo hupakwa fedha, kisha hujengewa nikeli: anapatikana "baba" (nakala ya chuma ambayo mifereji yake ni matuta), kwa baba anatoka mama, kwa mama inatoka mihuri ya kukandamizia. Wewe huna kazi hapo zaidi ya kusubiri.

10. Sahani za majaribio zisikilize ZOTE, mwanzo hadi mwisho, kwenye mashine mbili tofauti za kuchezea, mojawapo iwe ya kawaida kabisa. Mkwaruzo ukitokea mahali pale pale kwenye kila nakala, tatizo liko kwenye muhuri au nyuma yake. Ukiwa kwenye nakala moja tu, ni vumbi au bahati mbaya.

MASWALI

Mzee_wa_Faili: Mkuu somo tamu sana. Mimi nina dakika 31 kwa upande, MP3 ya 320. Inawezekana?

Mwandishi: Hatua ya 2. Hatua ya 4.

Mzee_wa_Faili: Lakini kuna santuri za zamani zina dakika 30 upande mmoja.

Mwandishi: Zipo. Icheze moja, uone utakavyokizungusha kitufe cha sauti. Hotuba au piano ya taratibu inakubali. Wewe una muziki wa kucheza.

Binti_Sindano: Habari za jioni. Naomba kuelewa: sahani inazunguka kwa kasi ile ile, kwa nini basi "s" iharibike zaidi karibu na katikati?

Mwandishi: Swali zuri dada. Mizunguko kwa dakika haibadiliki, kinachobadilika ni urefu wa njia. Kwa 33⅓, mzunguko mmoja huchukua sekunde 1.8 popote ulipo. Ukingoni, kama milimita 146 kutoka katikati, mfereji unapita chini ya sindano kwa karibu sentimita 51 kwa sekunde. Mwishoni, kwenye milimita 60, ni sentimita 21 tu. Sasa chukua mlio wa kHz 10. Ukingoni wimbi moja lina urefu wa mikroni 51, ndani linabanwa kwenye mikroni 21. Sindano ya kawaida ya duara ina nusu kipenyo cha mikroni 15 hadi 18. Ni kama kuingiza gurudumu la lori kwenye shimo la baiskeli: inapita juu juu. Kilichokata kilikuwa na makali kama patasi, kinachosoma ni mviringo. Sindano ya duaradufu inasaidia, lakini huwezi kumchagulia msikilizaji sindano.

Binti_Sindano: Ahsante sana. Kumbe ndiyo maana 45 inasifiwa.

Mwandishi: Ndiyo hiyo hiyo. Kasi zaidi, wimbi linanyooka.

KijanaWaMiksi: Niliweka plagini ya RIAA kwenye masta kabla ya kutuma. Niko sawa?

Mwandishi: Hapana. Mashine ya kukatia inaifanya yenyewe. Itakuwa mara mbili. Mpigie mkataji leo, si kesho.

Profesa_Besi: Hii ya besi katikati mnaikuza. Rekodi kibao za stereo za miaka ya 1960 zina gitaa la besi upande mmoja na zinacheza vizuri.

Mwandishi: Soma tena hatua ya 5. Nimesema iliyopishana FEZI. Besi ya kushoto pekee inasukuma ukuta mmoja tu wa mfereji, yaani nusu ya mwendo ni ubavuni na nusu ni juu-chini. Inakatika, ila inakula nafasi. Kuta mbili zilizolala nyuzi 45, kila moja na chaneli yake, ni wazo ambalo mhandisi Mwingereza Alan Blumlein alilieleza kwenye hataza yake ya 1931, halikuzaliwa humu. Ila nakubali, Hz 150 si amri. Kuna miksi niliishia 80 na hakuna kilichoruka.

Fundi_Kimya: Naongezea kidogo. Ukitaka kujua sindano itapanda na kushuka kwa sababu ya nini, geuza fezi ya chaneli moja kisha jumlisha kuwa mono. Unachobaki kukisikia ndicho hicho. Ukisikia besi hapo, rudi kwenye miksi.

Mwandishi: Hii ningeiweka kwenye somo lenyewe. Ahsante kaka. Mara nyingi mhalifu ni mwangwi au sintesaiza yenye koras (athari inayotandaza sauti kushoto na kulia), besi yenyewe haina kosa.

Mzee_wa_Faili: Laka si zilikwisha duniani? Nilisikia kiwanda kiliungua.

Mwandishi: Kiliungua kimoja, Apollo Masters kule Banning, California, Februari 2020. Kilikuwa kimoja kati ya viwili vilivyotengeneza laka, kingine ni MDC cha Japani. Pia kuna njia ya kukata moja kwa moja kwenye shaba, haihitaji laka kabisa. Na tukiwa kwenye moto: uzi unaotoka laka ikichongwa ni nitroselulosi, unawaka kama petroli. Ndiyo maana mashine inaunyonya papo hapo. Ukitembelea chumba cha kukatia, sigara iache nje.

Binti_Sindano: La mwisho, samahani. Yale maandishi ya mkono karibu na lebo, pale mfereji unapoishia, ni ya nini?

Mwandishi: Namba ya kuitambulisha sahani iliyokatwa, na mara nyingi alama au jina la mkataji. Usiombe samahani, hiyo ina faida: mwombe mkataji akutumie alichoandika, kisha kiangalie kwenye sahani ya majaribio kwa tochi iliyoinamishwa. Niliwahi kupokea yenye namba ya upande B pande zote mbili.

KijanaWaMiksi: Nimempigia. Alikuwa hajaanza kukata.

Mwandishi: Tuma mpya sasa hivi, na uandike "haina RIAA" kwenye jina la faili.