Maganda ya matoke yapumzike kwanza, ndipo uwape nyungunyungu

Nyungunyungu wangu wa kwanza wa kutengeneza samadi niliwapika. Niliwamwagia beseni zima la maganda mabichi ya matoke kutoka kibanda cha chakula hapa jirani, nikafunika, nikaenda zangu. Siku ya tatu naingiza mkono, ndani kuna joto kama maji ya kuogea. Waliowahi kukimbia walikuwa wamegandia ukutani mwa beseni, wamekauka kama tambi. Jirani yangu, mzee mstaafu wa polisi ambaye mtaa mzima tunamwita Afande, alichungulia akasema, "Binti yangu, hao umewachemsha."

Tangu hapo, hapa kwangu Walukuba, Jinja, mambo yanafuatana: rundo la mboji kwanza, nyungunyungu baadaye.

Rundo langu lina mita moja kila upande na kimo hichohicho. Likiwa dogo zaidi, joto linatoroka. Chini natandika mabua ya mahindi ili hewa ipite. Juu yake, kwa kila ndoo moja ya mabichi (maganda ya matoke na viazi vitamu, mashina ya mboga ya nakati, samadi ya kuku) naweka ndoo mbili za makavu: majani ya migomba, maboksi yaliyochanwa, na maganda ya kahawa nikibahatika. Maganda ya matoke yakatekate kwa panga. Yakiachwa mazima yanashikana kwa utomvu, yanakuwa mkate mzito usiopitisha hewa, na harufu yake itakuletea ugomvi na majirani. Majivu ya jiko weka konzi moja tu. Najua tunapenda kuyamwaga yote.

Kuhusu maji, chukua konzi ya mchanganyiko ukamue. Tone moja au mawili yanatosha. Yakitiririka, ongeza makavu. Mvua za Machi hadi Mei zikianza, funika kwa turubai.

Baada ya siku tatu au nne chomeka kipande cha nondo katikati ya rundo, ukiache dakika kumi. Ukikichomoa na huwezi kukishikilia, furahi: joto la nyuzi 55 hadi 65 ndilo linaloua mbegu za magugu. Geuza kila wiki, ya pembeni yaingie katikati. Joto likishatulia, kwangu ni kama wiki ya tatu au ya nne, natoa ndoo kadhaa za mboji iliyooza nusu. Hicho ndicho chakula cha nyungunyungu. Inayobaki naiacha ikomae hadi itimize miezi mitatu.

Sasa, nyungunyungu gani? Si wale wanene wa kijivu unaowachimba shambani. Afande huwatumia kwa ndoana kule Nile na huko ndiko wanakofaa. Wanaishi kwenye udongo, ukiwaweka kwenye beseni watatoroka au watakufa. Tafuta wale wembamba, wekundu, wanaokaa chini ya kinyesi cha ng'ombe kilichokaa muda mrefu au kwenye shina la mgomba linalooza.

Nyumba yao ni jerikeni la lita 20 lililokatwa kwa urefu, limetobolewa chini kwa msumari wa moto. Tandika magazeti na maboksi yaliyochanwa na kuloweshwa, kina cha kiganja. Wape chakula unene wa vidole viwili, usiongeze mpaka kiishe. Kila wiki nawanyunyizia maganda ya mayai, ambayo kijana wa rolex, chapati za mayai, ananiwekea kwenye kavera, mfuko wa plastiki. Nayaanika, nayatwanga kwenye kinu mpaka yawe unga. Nyungunyungu hawana meno, chengachenga hizo zinawasaidia kusaga chakula tumboni. Nyama, mafuta, ndimu na mabaki ya mchuzi wenye chumvi, hapana. Posho, yaani ugali, nayo inaita panya.

Jerikeni likae kivulini, juu ya meza ambayo kila mguu umesimama ndani ya kopo la maji. Siafu wakipata njia, asubuhi hutakuta kitu.

Baada ya miezi mitatu hivi utaona kitu cheusi chenye chembechembe kama majani ya chai yaliyochujwa, hakinuki. Hiyo ndiyo samadi ya nyungunyungu. Kimwage juu ya gunia penye mwanga, ukigawe vichuguu vidogo. Nyungunyungu hawapendi mwanga, wanazama chini. Wewe unakwangua juu taratibu, unasubiri, unakwangua tena. Ukikuta vipunje vya rangi ya asali vilivyochongoka kama ndimu, hivyo ni vifuko vya mayai yao, virudishe.

Udongo wangu wa makopo ya kupandia: ndoo mbili za udongo wa juu, mbili za mboji iliyochekechwa, moja ya mchanga, moja ya samadi ya nyungunyungu. Usipande kwenye samadi hiyo tupu, inashika maji mno na mizizi inakosa hewa.

Kabla sijajaza makopo yote, najaza moja na kupanda mchicha. Ukiota ndani ya siku tano hivi, naendelea. Ukigoma, mboji haijaiva, inarudi rundoni wiki mbili nyingine.