Pima mwenyewe: sigara imekula pumzi yako kiasi gani?

Kijana wa miaka 22 anayevuta sigara huwa hajioni mgonjwa. Anacheza mechi kama wenzake, ila dakika ya 60 miguu inagoma. Mara nyingi tatizo linaanzia kwenye damu, hata mapafu yakiwa bado hayajachakaa. Kaboni monoksaidi, gesi iliyomo kwenye moshi, hung'ang'ania himoglobini, yaani kibeba oksijeni cha damu, kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe, kwa hiyo sehemu ya damu inazunguka bila kubeba oksijeni. Nikotini nayo inakimbiza moyo hata ukiwa umekaa. Kaboni monoksaidi hutoka mwilini ndani ya siku moja au mbili ukiacha, na ndiyo maana kipimo hiki kinawezekana.

Anza na mapigo ya moyo. Asubuhi, kabla hujatoka kitandani, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upande wa gumba, uhesabu dakika nzima. Gumba usilitumie, lina mapigo yake. Fanya hivyo asubuhi tatu, uchukue wastani.

Kisha kimbia dakika 12, kipimo alichokitangaza daktari Mmarekani Kenneth Cooper mwaka 1968. Uwanja wa mpira wa mita 105 kwa 68 ukiuzunguka kwenye mistari ni mita 346. Vya mtaani vingi ni vidogo, kwa hiyo pima kwa futi kamba. Pasha mwili dakika 10. Ukichoka tembea, usisimame. Umbali uliopata kwa mita toa 505, gawa kwa 45: hizo ni kama mililita za oksijeni ambazo mwili unaweza kutumia kwa kila kilo ya uzito wako kwa dakika. Mita 2,000 ni kama 33. Wengi huchomoka raundi ya kwanza wakafa ya tatu, hivyo jaribio la kwanza lihesabu kuwa mazoezi tu. Rudia baada ya siku mbili, hilo ndilo uliandike.

Sasa acha sigara. Saa 72 zikitimia pima tena, uwanja uleule, saa ileile. Siku tatu hazitoshi mazoezi kukujenga, kwa hiyo ukiona nafuu ya kweli, moshi ndio uliokuwa unakubana. Tofauti ya chini ya mita 50 usiishangilie, hata upepo na jua vinaweza kuileta. Mapigo ya asubuhi ni shahidi mzuri zaidi.

Siku hizohizo ndipo hamu huwa kali kuliko zote. Ikikubana, tembea haraka dakika 10. Kikohozi kinaweza kuzidi kwa muda, kwa sababu vinyweleo vya njia ya hewa vimeanza tena kusukuma makohozi nje.

Baadaye ingia mchakamchaka mara tatu kwa wiki: kimbia dakika 2, tembea 1, rudia mara nane. Pima tena wiki ya 4 na ya 8.

Ukisikia maumivu ya kifua au kizunguzungu, simama, na usirudie kipimo kabla ya kumwona daktari. Na usihamie shisha: maji hayachuji kaboni monoksaidi, na makaa yake yanaiongeza.